Ngozi ya mbuzi si ya bitana tu

Muulize fundi viatu wa Majengo au Sabasaba hapa Dodoma kama ana ngozi ya mbuzi, na mara nyingi atakujibu kwa swali: "Unataka ya bitana?" Sifa ya ngozi hii mjini kwetu imekwamia hapo. Ng'ombe ndiye wa kiatu, mkanda na mkoba. Mbuzi ni wa ndani, wa kuficha mishono na kumpa mguu ulaini. Mteja naye akipewa pochi ya ngozi nyembamba ataivuta huku na huku, kisha amtazame fundi: "Hii si itachanika, kaka?"

Swali lake ni la haki. Tatizo ni majibu anayopewa. Wapo wanaosema ngozi ya mbuzi ni dhaifu kwa kuwa ni nyembamba, basi. Wapo wengine, hasa waliojifunza ufundi kwa kutazama video, wanaoapa kuwa inaishinda ya ng'ombe. Kila upande umeshika nusu ya ukweli. Ukizilinganisha ngozi hizi zikiwa nzima kama zilivyotoka kwa mnyama, ng'ombe anashinda bila ubishi. Ukizilinganisha zikiwa na unene uleule, milimita moja kwa milimita moja, kwa kawaida mbuzi ndiye anayeshinda. Fundi asiyezitenga hoja hizi mbili atashona mkanda wa suruali kwa ngozi ya mbuzi na kulaumiwa, au atanunua ngozi ya ng'ombe iliyopasuliwa kuwa nyembamba kama karatasi na kulaumiwa zaidi.

Kilichomo ndani ya milimita moja

Chukua kipande cha ngozi, kikate kwa wembe mkali, kisha ukitazame kwa ubavu ukiwa na kioo cha kukuzia. Upande wa manyoya kuna tabaka la nyuzi nyembamba mno, zimebanana, na ndani yake mna vitundu vilimoota manyoya. Huo ni uso wa ngozi. Ndio unaopokea rangi, ndio unaong'aa, ndio mteja anaoulipia. Chini yake, kuelekea upande wa nyama, kuna tabaka jingine lenye mafungu manene ya nyuzi za kolajeni, protini inayoijenga ngozi, yaliyopitana juu na chini kama kili za mkeka. Nguvu ya ngozi imo humu. Uso peke yake, hata uwe mzuri namna gani, huchanika kwa urahisi.

Ngozi ya ng'ombe mkubwa huwa na unene wa milimita 4 hadi 6. Hakuna anayeshona pochi kwa kitu kinene hivyo, kwa hiyo kiwandani huipitisha kwenye mashine yenye wembe mrefu unaoipasua kwa mlalo. Kipande cha juu hubaki na uso, cha chini huuzwa kivyake. Sasa fikiria fundi anayetaka ngozi ya ng'ombe ya milimita 1. Kwa ng'ombe huyo, uso peke yake unakaribia unene huo. Maana yake, atakachopewa ni uso pamoja na utando mdogo tu wa zile nyuzi nene, na nguvu iliyobaki imeondoka na kipande cha chini. Kwa macho ni ngozi halisi, tena ya ng'ombe, lakini kwenye tundu la mshono ndipo itakapoanza kuachia.

Mbuzi hahitaji kupasuliwa. Ngozi yake ikishasindikwa huwa na milimita 0.6 hadi 1.2 hivi, ikitegemea umri, jinsia na ukubwa wa mnyama. Inafika mezani kwa fundi ikiwa na matabaka yake yote mawili, uso na zile nyuzi za chini, jinsi ilivyokuwa mwilini. Hiyo ndiyo siri yote. Nyuzi za mbuzi hazina uwezo wa ajabu. Kilichopo ni kwamba hakuna aliyezikata katikati.

Asiyeamini ajaribu mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 2, kimoja cha mbuzi cha milimita 1, kingine cha ng'ombe kilichopunguzwa hadi milimita 1. Toboa kila kimoja tundu moja kwa msharasi, milimita 5 kutoka ukingoni. Pitisha waya tunduni, ning'iniza ndoo, kisha uongeze maji kidogo kidogo kwa kikombe. Angalia tundu linavyorefuka kabla ya kuachia. Mara nyingi kipande cha ng'ombe ndicho kitakachotangulia. Rudia kwa ngozi ya ng'ombe ya milimita 3, na ndoo ya mbuzi itaanguka mapema mno, hilo nalo lazima lisemwe.

Kondoo je? Watu humweka kapu moja na mbuzi, na sokoni ngozi zao huchanganywa, wakati mwingine kwa makusudi. Ngozi ya kondoo ina mafuta mengi kati ya uso na tabaka la chini, na mafuta hayo yakiondolewa wakati wa kusindika hubaki uwazi. Ndiyo maana ngozi ya kondoo ni laini kupita kiasi, na ukiisuguasugua uso wake unaweza kubanduka kutoka tabaka la chini. Kondoo wetu wa Kanda ya Kati, wenye manyoya mafupi, wana nafuu kuliko kondoo wa sufi wa nchi za baridi, lakini bado hawamfikii mbuzi. Kuwatofautisha, inamisha ngozi kwenye mwanga wa jua: vitundu vya mbuzi vimejipanga katika vikundi vidogo vinavyofuata mstari, vikubwa vichache na vidogo pembeni yake, na ukipitisha kucha juu yake unasikia chembechembe. Wa kondoo ni uso laini zaidi, usio na mikwaruzo hiyo. Jihadhari tu na ngozi iliyopigwa chapa ya moto ili ifanane na mbuzi: mchoro wake unajirudia sawasawa kutoka shingoni hadi mkiani, jambo ambalo hakuna mnyama anayelifanya.

Uharibifu huanza mnadani

Kabla ya kulaumu kiwanda, nenda Msalato siku ya mnada. Jumamosi watu wanamiminika pale kununua mifugo na kula nyama choma, na mbuzi wanachinjwa tangu asubuhi. Mchunaji analipwa kwa haraka yake. Mbuzi anatakiwa achanwe mstari mmoja ulionyooka tumboni, kisha ngozi isukumwe kwa ngumi, mkono ukipita kati ya ngozi na nyama. Ya mbuzi inaachia vizuri kwa ngumi, haihitaji kisu isipokuwa miguuni na kichwani. Mchunaji mwenye haraka hutumia kisu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila kisu kinapogusa upande wa nyama kinaacha mchano. Michano hiyo haionekani upande wa manyoya. Utaiona baada ya ngozi kusindikwa, ukiishika dhidi ya mwanga: mistari myeupe myembamba, mingine nusu ya unene wa ngozi, mingine imetoboka kabisa.

Kwa ng'ombe mchano wa nusu milimita si neno. Kwa ngozi yenye milimita moja ni nusu ya nguvu yake imekwenda, tena ile nusu ya chini yenye nyuzi nene. Kwa hiyo sehemu kubwa ya "udhaifu wa mbuzi" unaosimuliwa vijiweni ni udhaifu wa kisu, na mimi sioni sababu ya kumsingizia mnyama.

Yanafuata ya kuhifadhi. Ngozi mbichi huanza kuoza saa chache baada ya kuchinja, na dalili ya kwanza ni manyoya kung'oka kwa kuvutwa na vidole. Chumvi ndiyo dawa: asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa ngozi, yaani ngozi ya kilo 2 inataka gramu 600 hadi 800, ikipakwa yote upande wa nyama, hadi pembeni. Wengi huikwepa gharama hiyo na kuitandaza ngozi chini kwenye jua. Jua la Dodoma la mwezi wa kumi halina mzaha. Uso unakauka na kuwa mgumu wakati katikati bado kuna unyevu, joto linazigeuza nyuzi kuwa kitu kinachokaribia gundi, na ngozi hiyo ikifika kiwandani na kulowekwa inatoka madoa na mashimo. Asiye na chumvi aiwambe kwenye fremu ya miti, kivulini, pepo zikipita pande zote mbili. Hewa yetu ni kavu, kwa hiyo kazi hiyo hapa ni rahisi kuliko Pwani.

Kuna na makovu aliyokuja nayo mnyama mwenyewe. Mbuzi wa Kongwa, Chamwino au Bahi anashinda vichakani, na migunga haimwonei huruma. Miiba inamchora, kupe wanamwachia alama, ukurutu unaufanya uso uwe na mabaka. Madume yana makovu ya kupigana. Makovu yaliyopona hayapunguzi nguvu sana, yanapunguza bei, na fundi mwenye jicho anaweza kununua ngozi ya daraja la chini kwa bei nzuri na kulipeleka kovu mahali pasipoonekana, au hata kuliacha juu makusudi. Mchano wa kisu usinunue kwa bei yoyote ukikusudia kushona kitu cha kubeba uzito.

Kwa ukubwa, mbuzi wa asili wa Kigogo ni mdogo, na ngozi yake huwa na futi za mraba 3 hadi 5. Mbuzi wa Malya, chotara aliyetokana na Kamorai, Boer na mbuzi wa asili, ana mwili mkubwa zaidi na ngozi yake inampa fundi eneo pana zaidi. Ya beberu mzee ni nene na ngumu, ya jike ni laini. Ya kitoto cha mbuzi ni nzuri mno, ila ni ndogo kiasi kwamba hata kuikata unaionea uchungu.

Kromu, miwati, na ile isiyosindikwa

Ngozi ghafi ikifika kiwandani hulowekwa, hutiwa chokaa ili manyoya yalegee, hukwanguliwa nyama, huoshwa chokaa itoke, kisha ndipo husindikwa. Kusindika ni kuzifunga nyuzi za kolajeni kwa kitu kitakachozizuia zisioze tena. Kitu hicho ndicho kinachomgawia fundi kazi.

Sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromu, njia iliyoanza kushika kasi viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Ni ya haraka, kazi ya saa badala ya wiki. Ngozi hutoka ikiwa bado na majimaji na rangi ya bluu hafifu, ndipo hupakwa rangi nyingine na kutiwa mafuta. Mbuzi wa kromu ni laini, anakunjika, anavumilia maji na joto, na rangi zake zinakaa. Ni wa pochi, mkoba, viatu vya kike, glovu na nguo. Ila kingo zake hazisuguliki zikang'aa, na ukiugonga uso wake kwa chuma ili uchore nakshi, mchoro unarudi na kufutika.

Njia ya pili ni ya mimea. Tanini kutoka kwenye magome, maganda na majani huingia polepole kati ya nyuzi. Tanzania hatuko mbali na chanzo chake: Njombe kuna mashamba ya miwati, na kampuni ya TANWAT iliyoanzishwa mwaka 1949 imejulikana kwa kukamua magome ya miti hiyo na kutoa unga wa tanini. Ngozi nene ya ng'ombe huhitaji wiki nyingi ndani ya tanini. Ya mbuzi, kwa wembamba wake, inaiva kwa siku kadhaa, na ndiyo maana mtu mwenye mapipa mawili uani anaweza kuijaribu. Mbuzi wa miwati anakuwa na rangi ya hudhurungi, ana ukakamavu, anashika mkunjo unaomkunja, na kingo zake zikisuguliwa kwa maji na nta zinafunga vizuri. Anafaa majalada ya vitabu, ala, vikasha na pochi za kukunja.

Majalada hayo yana historia inayopendeza. Ngozi nzuri ya vitabu Ulaya kwa karne nyingi iliitwa kwa jina la Moroko, lakini sehemu yake ilitoka kwa mbuzi wekundu wa Sokoto, huko kaskazini mwa Nigeria ya leo, ikavuka Sahara kwa misafara ya ngamia na kuuzwa kwenye masoko ya Moroko. Wahausa waliisindika kwa maganda ya aina ya mgunga ambao wataalamu wa mimea wanauita *Vachellia nilotica*. Mti huohuo unaota katika maeneo makavu ya Tanzania. Mbuzi tunao, mti tunao, jua la kukaushia linazidi. Wasomaji wanaopenda biashara wamenielewa.

Kuijua uliyonayo ni ya aina gani, tazama ukingo uliokatwa: wa kromu mara nyingi una kijivu au bluu katikati, wa mimea ni hudhurungi mpaka ndani. Kama rangi imekuficha, kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Cha mimea kitajikunyata na kuwa kigumu. Cha kromu kitatoka karibu kama kilivyoingia.

Halafu iko ngozi isiyosindikwa kabisa, iliyokaushwa tu, kama ile inayowambwa kwenye ngoma. Akina mama wa Kigogo wanaopiga muheme huzisogeza ngoma karibu na moto kabla ya kucheza, kwa sababu ngozi ghafi inanyonya unyevu wa hewa na kulegea, na joto likiuondoa inakaza na sauti kupanda. Jambo linaloisaidia ngoma ndilo litakaloharibu mkoba. Wanaouza mikoba ya ngozi ya mbuzi yenye manyoya, iliyokaushwa kwa chumvi na kusuguliwa majivu, wanauza kitu kitakachonuka mvua za Desemba zikianza.

Kukata na kushona

Video nyingi zinazofundisha ushonaji hutaja unene kwa aunsi, na hapo wanafunzi hupotea. Aunsi moja ni milimita 0.4 hivi. Wakisema aunsi 2 hadi 3 wanamaanisha milimita 0.8 hadi 1.2, yaani mbuzi wetu wa kawaida. Wakisema 8 hadi 10 wanazungumzia ngozi ya mkanda, milimita 3.2 hadi 4, na hiyo hutaipata kwa mbuzi yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Pochi ndiyo kazi inayouonyesha uzuri wa ngozi hii, na hesabu yake ni nyepesi. Pochi ya kukunja ina ngozi ya nje, ya ndani inayoshika noti, na mifuko mitatu ya kadi kila upande. Ukingoni panakutana matabaka matano. Ukiikunja yanakuwa kumi. Kwa ngozi ya milimita 1.2 umefika milimita 12 kabla hujaweka kitambulisho cha NIDA wala senti moja. Weka mbuzi wa milimita 1 nje na wa 0.6 ndani kote: ukingo mmoja ni 3.4, ukikunjwa ni 6.8. Tangu serikali ihamie hapa mji umejaa watu wanaovaa suti na kutembea na kadi nyingi, na hawapendi pochi inayovimba mfukoni. Ngozi moja nzuri ya futi 4, ukiondoa miguu, tumbo na matundu, inatoa pochi mbili au tatu, na vipande vya kubakia.

Tumbo unaliondoa kwa sababu gani? Shika ngozi ukiivuta pale uti wa mgongo unapopita, kisha ivute tumboni. Mgongoni inakataa, tumboni inarefuka na hairudi yote. Panga karatasi za vipimo hivi: sehemu za nje, mishikio na chochote kitakachobeba uzito, zikae mgongoni na zifuate urefu wa mnyama. Mifuko ya ndani ikae ubavuni. Tumbo na makwapa yawe ya vitu visivyovutwa, kama vifuniko vya vitufe na mapambo. Na pande mbili za kitu kimoja, kwa mfano mbele na nyuma ya mkoba, zikatwe zikielekea upande mmoja, la sivyo baada ya miezi mkoba utainama kama umechoka.

Ngozi hii ikishakatwa, kishawishi kikubwa ni kuinyoa upande wa nyama ili iwe nyembamba zaidi. Tumeshaona nguvu ilipo, kwa hiyo unajua utakuwa unanyoa nini. Mahali pekee ninapokubali kisu ni kwenye ukanda wa milimita 6 hadi 8 wa ukingoni utakaokunjwa: pale unapunguza hadi nusu, unapaka gundi, unakunja, na matabaka mawili yaliyopunguzwa yanarudisha unene uleule. Kukunja ukingo ndiko kumalizia kunakoifaa ngozi ya mbuzi wa kromu. Kuacha ukingo wazi na kuupaka rangi ni kuiga kazi za ngozi ya ng'ombe.

Mshono usibanwe sana. Fundi cherehani aliyezoea vitambaa huweka urefu wa mshono milimita 2, na kwenye ngozi nyembamba matundu yanakuwa karibukaribu mpaka mstari wa mshono unageuka kuwa mstari wa kuchania. Weka milimita 3 hadi 3.5, na utumie sindano ya ngozi yenye ncha ya kukata, namba 14 au 16. Kwa mkono, toboa kwa chuma chenye meno ya milimita 3, sindano mbili, uzi uliopakwa nta, usiozidi unene wa milimita 0.6. Uzi mnene wa viatu unaumiza. Na kumbuka kwamba ngozi haina msamaha wa kitambaa: tundu ulilotoboa kimakosa halifungi.

Mishikio ya mkoba na mikanda inawezekana, ila mbuzi asibebe peke yake. Weka ndani mkanda wa nailoni, ule wa mabegi, au kipande cha ng'ombe, kisha umvike ngozi ya mbuzi na kushona pembeni. Mbuzi analeta sura na mguso, wa ndani anabeba. Kwa kuta za mkoba zinazotakiwa kusimama, kile kitambaa kigumu mafundi nguo wanachotia kwenye kola kinatosha, ila kama ngozi ni ya mimea usikibandike kwa pasi ya moto. Ngozi ya mimea ikiwa na unyevu hujikunyata kwa joto ambalo ya kromu hailijali. Soli, ala ya panga na mkanda wa kubebea mzigo mzito waachie ng'ombe.

Ukavu wa Dodoma

Kuanzia Mei hadi Novemba hewa ya hapa hukausha kila kitu, na ngozi nayo inapoteza unyevu na mafuta aliyotiwa kiwandani. Mbuzi wa mimea ndiye anayeteseka zaidi: kwenye mkunjo wa pochi utaona nyufa nyembamba. Watu wanakimbilia mafuta ya alizeti kwa kuwa yapo kila nyumba, Singida jirani. Yaache jikoni. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani yanashikana na kunata, na yakichacha pochi inanuka kama kikaango cha juzi. Yanayofaa ni mafuta ya miguu ya ng'ombe yaliyosafishwa, yanayotoka kwenye mifupa ileile ya makongoro (si mchuzi wake, wenye chumvi na vitunguu, ingawa nimeshaulizwa). Yachanganye na nta ya nyuki, ambayo Manyoni na Tabora ipo ya kutosha: sehemu moja ya nta kwa mbili au tatu za mafuta, juu ya maji ya moto, si juu ya jiko moja kwa moja. Paka kwa kitambaa, kidogo, mara moja au mbili kwa msimu wa kiangazi. Ngozi nyembamba inashiba haraka, na ikizidishiwa mafuta inalegea na kuvuja kwenye suruali.

Vipande vilivyobaki vinatoa vishikio vya funguo, vifuniko vya kona za mikoba na vitanzi vya zipu. Vilivyo vidogo mno vya ngozi ya kromu visitumike kuwashia jiko. Kromu iliyomo kwenye ngozi ni ya aina isiyo na madhara makubwa, lakini moto unaweza kuigeuza kuwa aina yenye sumu, na moshi na majivu yake vitaishia kwenye chakula na bustani ya mchicha. Vya ngozi ya mimea visivyopakwa rangi vinaoza ardhini taratibu. Ndiyo sababu nyingine ya kufanya ule mtihani wa maji ya moto siku ileile unaponunua ngozi, kisha uandike jibu kwa kalamu upande wa nyama kabla hujaanza kukata.